Issenye: Debe la mahindi, chungu cha pombe na chupa ya wiski

Anayesafiri kutoka Makutano ya Juu kwenda Mugumu hupita Butiama, kisha Sanzate, halafu Natta. Jirani na Natta ndiko iliko Issenye, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, inayobeba jina la wenyeji wake. Mashamba ya mahindi, mtama, ulezi na mihogo ya ukanda huu yanapakana na nchi ya wanyama: mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Mkulima wa huku hahesabu mavuno mpaka yaingie ndani. Tembo wakipita shambani usiku mmoja, kazi ya msimu mzima inaweza kwisha kabla ya jogoo kuwika. Ndiyo maana debe lililofika ghalani ni mali inayojadiliwa na baba na mama. Lina njia tatu: sufuria ya ugali, soko, au chungu cha pombe.

Si mbali na mashamba hayo, kwenye hoteli na kambi za watalii, nafaka hizo zina ndugu zake kwenye rafu za vinywaji. Ni wiski za Kimarekani za aina mbili: bourbon, ambayo msingi wake ni mahindi, na wiski ya rai, ambayo msingi wake ni nafaka ya rai, jamaa ya ngano inayostahimili baridi. Vijana wa vijiji vya jirani wanaopata kazi huko huzimimina kila jioni. Mzazi anayesikia habari za chupa hizo anaweza kudhani ni mambo ya mbali. Kumbe anayejua kupika pombe ya kimea tayari anajua nusu ya hadithi.

Mahindi ni matamu, rai ni kali

Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi. Wiski ya rai nayo lazima iwe na angalau asilimia 51 ya rai. Zote mbili hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto, na zikitiwa kwenye chupa hazishuki chini ya asilimia 40 ya kilevi.

Mdomoni hazifanani. Mahindi huipa bourbon utamu na ulaini, na pipa lililoungua huongeza harufu ya vanila na sukari iliyokaangwa. Rai huleta ukali mkavu unaokumbusha pilipili manga na karafuu. Kuna bourbon zinazochanganya rai kidogo ili kupunguza utamu. Nyingine, kama Maker's Mark, hutumia ngano badala ya rai, na huwa laini zaidi.

Leo bourbon ndiyo maarufu, lakini zamani rai ilikuwa na heshima kubwa, hasa Pennsylvania na Maryland. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na mtambo wa wiski shambani kwake Mount Vernon. Mwaka 1799 ulitoa karibu galoni 11,000, na nafaka yake kuu ilikuwa rai, ikifuatiwa na mahindi. Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 iliumiza biashara yote, na rai ilichukua miaka mingi zaidi kurudi.

Ulezi ndio ufunguo

Kwenye chungu cha nyumbani, mahindi hayaendi peke yake. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga wa mahindi huachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto mpaka ubadilike rangi. Vikikutana na maji, kimea huugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari, na sukari huwa kilevi.

Kazi hiyo ya ulezi ndiyo hufanywa na kimea cha shayiri kwenye mitambo ya Marekani. Na kama unga uliokaangwa unavyoipa pombe ya kienyeji rangi na harufu, ndivyo pipa lililochomwa linavyoipa wiski rangi yake ya kahawia. Mapishi ni mamoja mpaka hatua ya kukeneka, ambapo pombe huchemshwa na mvuke wake kupozwa ili kupata kinywaji kikali. Mmarekani hukipeleka kwenye pipa kikakae miaka. Huku kwetu kinachotoka hapo huitwa gongo, nacho hunywewa siku hiyohiyo.

Bei inalipia nini

Mtu akiona chupa ya bourbon au ya rai dukani, hushangaa inavyogharimu kuliko konyagi. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni muda. Wiski inayoandikwa "straight" imekaa kwenye pipa angalau miaka miwili, na nyingi hukaa zaidi. Kila mwaka sehemu ya kinywaji hupotea hewani kupitia mbao. Pipa lenyewe halitumiki tena kwa bourbon nyingine. Juu yake kuna kodi na usafiri. Rai mara nyingi huuzwa ghali kuliko bourbon, kwa kuwa hutengenezwa kwa kiasi kidogo na uji wake hunata na kusumbua mitambo.

Kwa hiyo swali la ipi bora lina jibu fupi. Anayependa utamu atachagua bourbon, anayependa ukali atachagua rai, na bei kubwa haimaanishi ladha bora kwa kila mdomo. Lakini wote wawili wamenunua kitu kimoja ambacho gongo haina: maandishi. Chupa inasema ni nafaka gani, kilevi ni kiasi gani na nani ameitengeneza.

Gongo huja kwenye chupa ya soda iliyooshwa. Haina kipimo wala jina la mtengenezaji, na kuitengeneza au kuiuza bila leseni ni kosa kisheria. Hatari kubwa zaidi ni pale muuzaji anapoongeza spiriti ya viwandani ili ikolee. Methanoli iliyomo hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kilevi cha kawaida. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu, kutapika au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Asiachwe alale ili "imtoke".

Hesabu ya ghalani

Debe la mahindi lina uzito wa kilo 17 hivi. Familia inayotumia kilo mbili za unga kwa siku italila kwa takriban siku nane. Hesabu hiyo haimhukumu mama anayepika pombe ya kimea. Katika vijiji vingi fedha hiyo ndiyo hununua madaftari, sare na dawa, na pombe ya nafaka imekuwa na nafasi yake kwenye harusi na shughuli za wazee tangu zamani. Tofauti iko kwenye nani anakaa na fedha jioni. Debe lililopikwa likarudi kama ada ya shule limefanya kazi. Debe lililouzwa na baba kimyakimya likaishia kilabuni limechukua siku nane za ugali, na mtoto ndiye wa kwanza kuhisi.

Wazazi wa ukanda huu wanaweza kukubaliana mambo machache kabla ya mavuno: madebe ya chakula yatengwe kwanza, ya pombe au ya kuuza yahesabiwe mbele ya wote wawili, na mbegu isiguswe. Mama mjamzito asinywe kabisa, hata ile "nyepesi" ya kimea. Watoto wana togwa na uji wa ulezi, wenye madini ya chokaa kwa mifupa yao.

Jambo jingine ni la kila jioni. Bado wapo wazazi wanaomtuma mtoto na kidumu kwenda kuchukua pombe kwa jirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mtoto anayezoea njia ya kilabuni huanza kuonja akiwa njiani kurudi. Mzazi anayetaka kinywaji chake akifuate mwenyewe.