Mususa: Nyonga ya mama muhami inalia, karatasi yake ilibaki Kanyabayonga

Katika komini ya Mususa, mjini Butembo, kuna mama mmoja muhami wa vita ambaye watu humsikia mbele ya kumwona. Akiinama kwenye mbabula kupuliza moto, nyonga yake ya kuume inalia kama mlango uliokosa mafuta. Siku ya kwanza, mtoto wa familia iliyomupokea alimuuliza: « Tantini, uko na mlango ndani ya mguu? » Watu wote wakacheka. Naye akacheka, kisha akaenda kutoa machozi nyuma ya nyumba.

Mama huyo ana ugonjwa wa SS tangu utoto. Ugonjwa huo huweza kuzuia damu isifike kwenye mfupa, na ndivyo kichwa cha mfupa wa paja lake kilivyokufa polepole. Alipofika miaka 31 alikuwa anatembea kwa fimbo. Ndugu zake waliuza shamba, wakamvusha mpaka wa Kasindi hadi hospitali moja ya Kampala. Huko aliwekewa nyonga ya seramiki: kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe, vyote viwili vya seramiki.

Seramiki hiyo si ile ya sahani. Ni ngumu sana, na inalika kidogo mno. Mfaransa Pierre Boutin ndiye aliyeanza kuitumia kwenye nyonga, mwaka 1970. Mbele yake, tangu 1962, Mwingereza John Charnley alikuwa anaweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki. Nyonga za namna hiyo zimesaidia watu wengi, lakini kwa miaka mingi plastiki inalika, na vumbi lake huweza kufanya mfupa uliye karibu upungue. Ndiyo sababu mgonjwa angali kijana mara nyingi hupewa seramiki.

Mwaka wa pili sauti ikaanza. Haikuwa na maumivu, kwa hiyo alinyamaza. Lakini mwezi wa sita 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, alikimbia na watoto wawili kuelekea Kirumba. Usiku walilala ndani ya darasa pamoja na familia nyingine, kila mtu akisikiliza nje. Aliposimama ili kumfunika mtoto, nyonga ililia. Baba mmoja akamwambia kwa sauti ya chini: « Mama, tafazali, ukae. » Alikaa mpaka asubuhi bila kujigeuza.

Kule Mususa majirani wengine walisema ni uchawi. Yeye aliogopa jambo lingine: kwamba nyonga inavunjika, na pesa ya kuweka ingine haipo tena.

Mwishowe alifika kwa muganga wa mifupa mjini Butembo, akapigwa radio. Muganga akamwonyesha picha: « Mama, hakuna kilichovunjika. » Akamweleza kwamba maji ya mwili ndiyo mafuta ya nyonga. Kikombe kikikaa upande kidogo, au mtu akiinama sana, kichwa hugusa ukingo wa kikombe. Pale mafuta yanakosekana, seramiki inakwaruzwa mstari mwembamba, inatetemeka, na mtetemeko huo ndio sauti. Hata Charnley alianza kuchunguza mambo ya mafuta ya kiungo miaka ya 1950, kisha kumsikia mgonjwa mwenye nyonga ya plastiki ngumu iliyokuwa inalia hata bibi yake akawa anamkwepa.

« Sauti peke yake si ugonjwa, » muganga alisema. « Lakini ikibadilika, ukisikia kama muchanga unasagwa, au maumivu yakija gafula, usikanyage tena mguu huo. Uje siku ile ile. » Seramiki ikivunjika, vipande vyake vidogo ni vikali. Kichwa cha chuma kikiwekwa pale pale, vipande vinavyobaki vitakila upesi.

Kisha akauliza: « Karatasi ya operesheni iko wapi? » Mama akainamisha kichwa. Ilibaki Kanyabayonga, ndani ya sanduku. Pasipo karatasi hiyo, muganga hawezi kujua ni aina gani na kipimo gani, wala kipande gani kinaweza kuingia mahali pa kile kilichoharibika.

Kaka yake aliye Kasindi alivuka mpaka, akaenda hospitali ileile. Kisha wiki tatu picha ikafika kwenye simu: ukurasa wa daftari la operesheni, na vibandiko vyenye namba vilivyotoka kwenye paketi za nyonga. Mama aliandika namba zote ndani ya kitabu cha shule cha mtoto wake, na picha akaituma kwa dada yake na kwa muganga.

Sasa mbabula yake iko juu ya matofali matatu, ili asiiname sana. Nyonga bado inalia mara kwa mara. Na wahami wenzake wenye vyuma au misumari ndani ya mifupa, yeye huwauliza kila mara swali moja: karatasi yako, umeipiga picha?