Tiba Itokayo Katika Najisi: Je, Mgonjwa Aikatae?



Tumeletewa suala na familia moja ya Shela, hapa Malindi. Ndugu yao aishiye Uingereza ameugua kuharisha kwa miezi mingi. Kila amalizapo dawa, maradhi humrudia. Madaktari wamemshauri tiba itengenezwayo kutokana na kinyesi cha mtu mwenye afya. Amekataa, akisema ni bora afe kuliko kutiwa najisi mwilini. Familia yauliza: je, amesibu?

Tuyaeleze kwanza maradhi yenyewe. Ndani ya utumbo wa kila mwanadamu Mwenyezi Mungu ameweka bakteria wengi mno, na wengi wao hutufaa: husaidia kusaga chakula na huwazuia wale waovu wasipate makao. Antibiotiki huua waovu na wema pamoja. Hapo bakteria aitwaye Klostridiamu difisile hupata nafasi, akastawi na kutoa sumu iumizayo utumbo. Atibiwapo kwa antibiotiki nyingine, mbegu zake huweza kusalia, na kwa kuwa wale wema hawajarejea, maradhi huanza upya. Wazee na waliodhoofika huweza kufa.

Tiba hiyo huwarejesha bakteria wema. Mtoaji huulizwa habari za afya yake, hupimwa damu na choo. Kinyesi huchanganywa na maji ya chumvi, huchujwa, kisha huweza kuhifadhiwa katika baridi kali. Mgonjwa hupewa kwa mpira upitao puani, kwa njia ya nyuma, au kwa vidonge vya kumeza.

Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walitangaza kuwa kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara moja na 2 wengine baada ya kurudiwa tiba; waliopewa vankomisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Na huko Uingereza, mwaka 2022 taasisi ya NICE iliipendekeza kwa watu wazima waliokwisha kuugua maradhi hayo mara 2 au zaidi.

Ama hukumu: kinyesi ni najisi, hilo halina mjadala. Lakini Imamu Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba kujitibu kwa najisi isiyo kileo kwajuzu, iwapo hakuna kilicho tohara cha kushika pahala pake, na mgonjwa amelijua hilo au ameelezwa na tabibu Mwislamu mwadilifu. Dalili ni hadithi ya watu wa Urayna, waliyoipokea Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) aliwaamuru wagonjwa hao wanywe maziwa na mikojo ya ngamia, na katika madhehebu yetu ya Shafi mkojo huo ni najisi. Zile hadithi za kukataza kujitibu kwa haramu, wanavyuoni wetu wamezichukulia kuwa ni pale isipokuwapo haja, kwa kuwa dawa nyingine yapatikana.

Kwa hiyo twamwambia ndugu yetu: amuulize tabibu Mwislamu aliye mjuzi, na akithibitishiwa kuwa dawa nyingine zimeshindwa, aipokee tiba wala asione haya. Kinyaa ni maumbile na hatumlaumu, lakini haramu haithibitiki kwa kinyaa. Nafsi ni amana.

Wala asithubutu mtu kuyafanya haya nyumbani. Mwaka 2019 wakuu wa dawa wa Marekani walitangaza kifo cha mgonjwa aliyepewa kinyesi kisichopimwa bakteria sugu wa dawa.

Nasi tulio huku tujihadhari na mwanzo wa balaa: kununua antibiotiki dukani kwa kila homa na kila msokoto wa tumbo, bila ya daktari. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, waliwachunguza watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali katika hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Baadhi walipewa kotrimoksazoli kila siku kwa miezi 6, wengine dawa ya mfano tu. Majibu ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa vifo havikupungua. Basi aliyeandikiwa na daktari aimalize kama alivyoambiwa, asiyeandikiwa aiache.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye ndugu yetu na wagonjwa wetu wote. Amin. Wallahu a'lam.