Kilo moja ya majaribio

Haya wadau, nimeibuka. Najua nimepotea wiki nzima na wengine mmeshaanza kusema bumu limenipa kiburi. Bumu lenyewe liliisha siku nyingi, ndiyo maana niko kibaruani. Kwa wageni: nasoma ualimu hapa Mlimani, mwaka wa pili, na kila Ijumaa jioni mpaka Jumapili nasimama nyuma ya mashine ya espreso kwenye mgahawa mmoja kule Masaki. Jina silitaji, bado nauhitaji mshahara wangu.

Basi bwana, Ijumaa iliyopita bosi kaja na mfuko wa kilo moja, kahawa ya mkaangaji mwingine. Tangu niajiriwe tumekuwa tukitumia arabika tupu ya Kilimanjaro. Huu mfuko mpya ulikuwa mchanganyiko: sehemu saba arabika ya Mbinga, sehemu tatu robusta ya Kagera. "Jaribuni, Jumapili mniambie kama tunahama." Akaweka mezani, akaondoka zake.

Niliposoma neno Kagera moyo ukanipiga. Kwetu Muleba mibuni iko palepale shambani katikati ya migomba, na daftari zangu zote tangu darasa la kwanza zimetoka kwenye maganda. Mwaka ninaoingia kidato cha tano tata aliuza butura. Msioijua butura, ni hivi: mbuni bado una maua, mwenye pesa anakupa hela leo, na mavuno yanakuwa yake kwa bei anayoitaka yeye. Imepigwa marufuku mara kibao, lakini ada haingoji kahawa iive. Kwa hiyo ule mfuko haukuwa mfuko tu kwangu.

Sasa mwenzangu wa zamu ni Mchaga, wote tunamwita Mangi. Kauona mfuko, kacheka. "Robusta? Si ndiyo ile ya kahawa ya kopo?" Ni kweli kiwanda cha kahawa ya kukorogea kwenye maji moto kipo Bukoba, lakini alivyolisema! Nikamwambia, "Ninyi mibuni mmeletewa na wamisionari. Sisi tulikuwa tunatafuna kahawa na kuchanjia udugu kwayo kabla hawajafika." Hapo sikusema uongo. Wahaya walikuwa wanachemsha buni mbichi na kuzikausha, za kutafuna na za kumpokelea mgeni, na hata leo tata hatoki nyumbani bila chache mfukoni.

Maneno mengi, kazi ikanishinda. Kahawa yetu ya zamani naijua: gramu 18 za unga zinaingia, gramu 36 za kahawa zinatoka, sekunde 28, mambo safi. Nikatia ile mpya bila kugusa kinu. Sekunde 15 imeshamwagika yote, nyepesi kama chai ya rangi, chachu mpaka meno yanaganda. Mangi kimya, anatabasamu tu. Nikapaniki. Nikakaza kinu isage laini zaidi, nikaongeza gramu mbili, nikashindilia kwa nguvu zote, vyote kwa mpigo. Ikawa inadondoka tone kwa tone, sekunde 50, chungu kama mwarobaini. Nikalegeza kinu, nikapunguza gramu moja. Ikawa mbaya kwa namna nyingine kabisa.

Nimemwaga shoti tisa hivi. Kilo moja inatoa shoti 55 tu, na kila unapobadilisha kinu unga uliobaki ndani nao unautupa. Nilikuwa naona jasho la watu linaingia kwenye sinki.

Aliyeniokoa ni Mangi huyohuyo. "Mwalimu, ukibadilisha vitu vitatu utajuaje kipi kimeharibu?" Nikaona haya. Mimi ndiye ninayeandika insha za kurasa kumi juu ya mbinu za utafiti! Tukarudi gramu 18, tukashindilia kama kawaida, tukagusa kinu tu, kidogo kidogo. Shoti ya 13 ikatoka kwa sekunde 27, inateremka kama asali, na krema juu yake nzito, ya kahawia, haikatiki. Robusta ndivyo ilivyo, inatoa krema kuliko arabika. Waitalia wenyewe wanaichanganya kwenye espreso zao, tena tangu zamani. Mangi akaonja. Akasema "mh". Mchaga akisema "mh" kwa kitu cha Mhaya, andika tarehe.

Jumapili nikatoa wazo langu la darasani. Kwenye somo la upimaji na tathmini tulifundishwa kusahihisha bila kuona jina la mwanafunzi, namba tu. Dada wa kaunta akabandika karatasi zenye namba chini ya vikombe, akavichanganya tukiwa tumegeuka. Krema tulizikoroga zote, maana ile ya robusta ingejitangaza yenyewe. Waonjaji sita: bosi, mpishi, mlinzi, dada wa kaunta (vikombe vyake vilichanganywa na bosi), Mangi na mimi.

Kwanza kavu, bila maziwa. Watano tukachagua kikombe kilekile. Dada akageuza: ya zamani, Kilimanjaro. Mlinzi peke yake ndiye aliyechagua mpya, akasema hii ndiyo kahawa, inafanana na ya mzee wa kashata pale kwao Manzese.

Nirudie, maana wengine mtaruka hapo. Watano. Na mimi nilikuwemo. Ulimi wangu mwenyewe umekataa kahawa ya kwetu mbele ya Mangi, na nilikuwa nimeapa nitaitambua. Mangi hakucheka hata kidogo, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

Kisha tukaonja kapuchino. Hapa mambo yakageuka, watano wakachagua mpya, Mangi akiwamo. Kwenye maziwa ile arabika laini ilikuwa inapotea, unabaki na maziwa yenye harufu ya kahawa. Mchanganyiko ulisimama, una ladha ya kakao na karanga zilizokaangwa. Na wateja wetu wengi wanakunywa kahawa ya maziwa. Bosi hakuchukua muda: "Tunahama." Nilitaka kuruka. Halafu akaongeza, "Na bei yake iko chini."

Iko chini kwa sababu robusta inanunuliwa bei ya chini kuliko arabika. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini siku hiyo nilikuwa nimelisahau kidogo.

Jioni nikampigia tata. Nikamwambia kahawa ya Kagera imeshinda Masaki, Wazungu wataanza kuinywa wiki hii. Akafurahi, nikamsikia anamwambia mae. Akauliza kikombe kimoja kinauzwaje. Nilishapiga hesabu nyuma ya risiti: kapuchino ni shilingi 7,000, vikombe 55 kwa kilo, jumla 385,000. Tuseme umetoa maziwa, umeme, kodi na mshahara wangu. Yeye kilo moja ya kahawa safi inamtoka kwenye kilo mbili hivi za maganda, na ikikaangwa inapungua tena.

"Sijui, tata," nikamwambia. "Mimi sikai kwenye kaunta."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.