Gauni Huku, Mtandio Kule



Jumatano moja, saa tatu ya usiku, tulipigiwa simu kutoka Unguja. Alikuwa mama wa bibi harusi. "Wanangu, sanduku limefika, alhamdulillah. Lakini mtandio siwo." Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya Laasiri.

Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, tunashona nguo za harusi Kwa Mrombo, Arusha, mtaa ambao ukiutaja mbele ya mtu wa mjini hapa atadhani unakwenda kula nyama choma. Wateja wetu wengi ni maharusi wa kwetu visiwani, kwa hiyo duka letu hasa ni ukurasa wa intaneti. Tuliutengeneza wenyewe usiku, cherehani zikishanyamaza, kwa kujifunza kidogo kidogo. Kosa nalo likawa letu wenyewe.

Mama wa watu hakuwa na maneno makali, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Mwanawe alichagua gauni la rangi ya maziwa na mtandio wa kijani cha zumaridi, mito ya ukumbini ikashonwa kijani, hata maua ya kichwani yakaagizwa ya kufuata. Sisi tukapeleka gauni hilo hilo na mtandio wa dhahabu, kwa sababu seti yake ndiyo hiyo. Tukafungua ukurasa kwenye kompyuta: sawa. Tukafungua kwenye simu zetu: sawa. Tukabaki tunatazamana. Je, mtoto wa watu ameota?

Hakuota. Alikuwa ametazama kwenye kishikwambi cha kaka yake.

Picha zetu tulizipanga kwa fleksiboksi, ule mpangilio wa CSS wa kuweka vitu kwenye mstari. Ukiuacha bila kuuambia neno, hauteremshi kitu chini. Unabana vyote kwenye mstari mmoja, na visivyobanika vinatoka nje ya ukingo. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa tuliandika `flex-wrap: wrap`, yaani kisichoenea kishuke safu ya pili. Kila picha tukaipa pikseli 150, na nafasi ya 12 kati ya picha na picha. Gauni, mtandio, gauni, mtandio, zote zikifuatana.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Simu ya pikseli 360, ukitoa 12 za kila upande, inabaki na 336. Picha mbili na nafasi yao ni 312, zinaenea. Ya tatu haienei. Kompyuta tuliiwekea ukomo wa 760, ndani 736, zikaingia nne. Mbili ni shufwa, nne ni shufwa, kila gauni likakaa na mtandio wake. Lakini kishikwambi cha 600 kina 576 ndani: picha tatu ni 474, nne ni 636. Zikakaa tatu. Gauni la kwanza, mtandio wake, gauni la pili. Mtandio wa gauni la pili ukashuka, ukaenda kukaa ubavuni mwa gauni la tatu. Hapo ndipo ile zumaridi ilipolala karibu na rangi ya maziwa, na kwa kweli zilipendezana.

Tulimwambia mama haki yake: aliyeletewa kitu kisicholingana na alichoonyeshwa ana hiari ya kukirudisha, na sisi ndio tuliomwonyesha. Kosa la kompyuta ni kosa la mwenye duka. Akasema gauni analitaka, la kurudisha halipo, ila zumaridi aipate. Alhamisi asubuhi ndugu yetu aliyeko Unguja akaingia Darajani kutafuta kitambaa, tukakilipia, na somo wa bibi harusi akakaa akakipinda ncha kwa mkono mpaka usiku. Allah amlipe.

Baada ya hapo tukarudi kwenye ukurasa. Jambo ambalo hatukulielewa mwanzo ni hili: fleksiboksi haijui gauni wala mtandio. Inawajua watoto wa moja kwa moja wa kisanduku kikubwa tu, na baina yao ndipo inapokata safu. Basi kila gauni na mtandio wake tukavifunga kwenye kisanduku kimoja kidogo, seti ikawa mtoto mmoja. Ndani ya seti hatukuweka `wrap`, ili wawili wasiachane. Picha zikagoma kupungua, zikatoka nje, mpaka tulipoziandikia `min-width: 0`. Upana wa seti tukaufanya 280: unaenea hata kwenye simu ndogo ya 320, na kwenye kishikwambi zinakaa seti mbili, 572 ndani ya 576. Pembamba, lakini zimeenea.

Likaja la safu ya mwisho. Tulikuwa na seti saba, na tuliruhusu zijitanue kwa `flex-grow: 1`. Ya saba ikabaki peke yake ikajitanua ukurasa mzima, gauni la kawaida likaonekana kama la mke wa sultani. Mmoja akatuuliza kama hilo ndilo ghali kuliko yote! Hapo dada mtu akacheka, akasema mbona tarawehe tunajua: tunajaza safu ya mbele kwanza, upungufu unabaki safu ya nyuma, na wawili waliobaki nyuma wanasimama bega kwa bega, hawajitanui kutoka ukuta hadi ukuta. Tukaandika `flex-grow: 0`, ikatulia.

Kutenganisha nguo za nikaha na za siku ya hina tulitia kisanduku kitupu katikati, chenye `flex-basis: 100%` na kimo sifuri. Kinachukua safu nzima bila kuonekana, kinachofuata kinalazimika kushuka. Nafasi ya 12 ikahesabiwa juu yake na chini yake, ikawa 24. Tuliiacha, inapumzisha macho.

Kwa sasa, biharusi, chini ya kila seti kuna namba na rangi za vitu vyake viwili kwa maneno, na kabla hatujakata kitambaa tunakutumia picha moja yenye vyote viwili utuandikie "ndivyo". Kishikwambi tumekiazima kwa jirani. Kila tukiongeza seti mpya tunakishika wima tunatazama, halafu tunakilaza tunatazama tena.