Picha Tulizozikata Kabla ya Kuzituma Nyumbani

Barua ilipofika mwanzoni mwa 2023, mume wangu aliisoma mara mbili, kisha akacheka kwa furaha. Ilisema kwamba nyumba yetu ya Kensington, mashariki mwa Johannesburg, ina thamani ya randi 1,480,000. Sisi tuliinunua mwaka 2016 kwa randi 890,000. Jioni hiyohiyo alimpigia simu mama yake Tanga. Nilimsikia akibadilisha randi kuwa shilingi kwa sauti kubwa, na upande wa pili mama mkwe akimshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa jikoni nawaza jingine. Barua ile haikutoka kwa mnunuzi. Ilitoka manispaa, na thamani ile ndiyo ambayo tungeilipia kodi ya majengo kila mwezi kuanzia tarehe 1 Julai. Na mimi niliyeishi ndani ya nyumba ile miaka saba nilijua kwamba hakuna mtu ambaye angetoa pesa hizo akishaiona.

Kwa tuliotoka Tanzania jambo hili ni geni. Kule, tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe Mikanjuni au Mbezi, na hakuna anayekuuliza ukuta wako umesimama vipi. Afrika Kusini ina sheria yake ya mwaka 2004 inayotaka kila manispaa iwe na daftari la uthamini, na kila nyumba iandikwe humo kwa bei ya soko, yaani bei ambayo ingepatikana siku fulani kama mwenye nyumba angeuza kwa hiari na mnunuzi angenunua kwa hiari. Kwa daftari la Johannesburg lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2023, siku hiyo ilikuwa 1 Julai 2022. Mthamini halazimiki kuingia kila nyumba. Anaruhusiwa kukadiria nyumba nyingi kwa pamoja, kwa kuangalia mauzo ya mtaa, ukubwa wa viwanja na majengo. Halafu kila mwaka wa bajeti baraza la jiji hupanga ni senti ngapi zilipwe kwa kila randi ya thamani.

Daftari hilo huwekwa wazi kwa umma kwa siku zisizopungua 30. Mtu yeyote anaweza kulisoma, kuona ya kwake na ya jirani yake, na kuweka pingamizi kuhusu nyumba mahususi. Hailazimu kuwa na wakili. Ni kujaza fomu.

Nilijaza fomu hiyo nikiwa na hasira, na hapo ndipo nilipokosea. Niliandika kwamba barabara yetu ina mashimo, kwamba maji hukatika, kwamba umeme unakwenda na kurudi, kwamba mshahara haujapanda na tuna watoto wawili shuleni. Niliandika pia bei tuliyonunulia mwaka 2016. Mwisho nikaambatisha matangazo matatu ya nyumba zinazouzwa ambayo niliyatoa kwenye intaneti. Nilipomaliza niliona nimeandika barua nzuri ya kumtoa mtu machozi.

Majibu yalikuja mwaka uliofuata: thamani inabaki ilivyo.

Nilimpelekea jirani yetu barua ile. Ni mzee kutoka Lubumbashi, fundi wa makochi, aliyewahi kupinga uthamini wa nyumba yake kwenye daftari la 2018. Alisoma nakala ya fomu yangu polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mama," akaniambia, "hapa hawataki kilio. Wanataka uwaonyeshe."

Akanichambulia. Mashimo ya barabarani ni ya mtaa mzima, na nyumba zilizouzwa mtaani zimeuzwa na mashimo hayohayo, kwa hiyo yamo tayari ndani ya bei. Mshahara wangu si sehemu ya nyumba. Kiwango cha senti hupingwa wakati wa bajeti, wananchi wanapoombwa maoni. Fomu hii ni ya thamani na maelezo mengine yaliyomo daftarini, kama vile ukubwa, matumizi au jina la mwenye nyumba. Bei ya 2016 iko mbali mno na Julai 2022. Na tangazo ni bei ambayo mtu anaitamani. Kinachohesabika ni bei iliyolipwa na kuandikishwa kwenye ofisi ya hati.

"Sasa una siku 30 za kukata rufaa," akasema. "Rudi nyumbani uitazame nyumba yako kama mtu asiyeipenda."

Maneno hayo yalinikaa. Nyumba yetu iko upande wa chini wa mtaa ulio kwenye mteremko. Za upande wa juu zinatazama jiji, na jioni unaona taa mpaka mnara wa Hillbrow. Sisi tunatazama ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kiwanja cha juu yetu, na mvua kubwa ikinyesha maji yote hushukia uani kwetu. Nilipolisoma daftari tena na kuomba orodha ya mauzo kwa dalali mmoja wa eneo hilo, niliona kitu ambacho hasira ilinizuia kukiona. Nyumba za mtaa wetu zilizouzwa mwaka 2021 na 2022 kwa bei zinazokaribia ile ya barua zote zilikuwa za upande wa juu. Za upande wa chini zilizouzwa zilikuwa mbili tu, na zote zilikwenda kwa chini ya randi 1,200,000.

Lakini pia nilihitaji kuonyesha hali ya nyumba yenyewe. Nilianza kupiga picha: ufa unaopanda kutoka dirisha la sebule hadi darini, unyevu nyuma ya kabati la watoto, na ule ukuta wa mawe uliofura kama tumbo. Mume wangu alinitazama akiwa amesimama mlangoni.

"Mama watoto, hayo mambo unataka kuwaonyesha watu?"

Nilijua anamaanisha nini. Miaka saba tulikuwa tukituma picha Tanga, na kila picha tulikuwa tukiichagua. Mlango wa mbele wenye kioo cha rangi, ndiyo. Watoto kwenye ngazi, ndiyo. Ufa wa sebuleni tuliufunika kwa pazia kabla ya simu ya video. Hatukudanganya, tulichagua tu pa kuelekeza kamera. Wazazi waliouza shamba kukupa nauli hutaki waone unyevu ukutani.

Na kulikuwa na tatizo: picha zangu zilikuwa za 2024. Bodi ingeuliza nyumba ilikuwaje tarehe 1 Julai 2022. Nikafungua picha za zamani kwenye simu. Aprili 2022 binti yetu alitimiza miaka sita, tukamfanyia sherehe uani. Picha tuliyoituma Tanga inamwonyesha yeye na keki. Picha yenyewe, kabla hatujaikata, inamwonyesha yeye, keki, na nyuma yake ukuta wa mawe umefura, umeegemezwa magogo mawili, na matope yamefika kwenye miguu ya viti. Tarehe ilikuwemo ndani ya picha. Ushahidi bora niliokuwa nao ni ule tulioukata kwa aibu.

Likabaki jambo la chumba cha uani. Fomu inataka ueleze majengo yote ya kiwanjani, na sisi tuna chumba chenye choo chake ambacho anakaa mwanafunzi kutoka Kigoma, anayeniita dada na kulipa kodi kidogo kila mwezi. Mume wangu aliona tukiache. "Tukikiandika si watapandisha?" Wasiwasi wake ulikuwa na msingi, ukiomba thamani itazamwe upya, inaweza kushuka, kubaki au kupanda. Tulibishana siku mbili. Mwishowe nilimwambia: siwezi kwenda kusema "itazameni nyumba yangu kwa ukweli" huku nimeficha robo ya ukweli. Tulikiandika, na ukubwa wake kwa mita za mraba.

Rufaa husikilizwa na bodi inayojitegemea. Kwa mujibu wa sheria, mwenyekiti wake ni mtu mwenye elimu ya sheria, na miongoni mwa wajumbe lazima awepo mthamini mwenye taaluma. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilikuwa naogopa Kiingereza changu. Kazini natosheka nacho, lakini mbele ya watu wa sheria niliona kitanikimbia. Kwa hiyo niliandika ukurasa mmoja tu: nyumba ipi, thamani ya daftari, thamani tunayoomba ambayo ilikuwa randi 1,050,000, mauzo mawili ya upande wa chini, picha nne zenye tarehe, na makadirio ya fundi ya kujenga upya ukuta. Nilipokwama nilisoma kwenye karatasi.

Mjumbe mmoja aliitazama picha ya sherehe muda mrefu. Akauliza kama ukuta umeshajengwa. Nikasema bado, tumeuegemeza tu. Akauliza kuhusu chumba cha uani, nikamjibu kina ukubwa gani na nani anakaa humo. Mthamini wa manispaa alieleza jinsi alivyofika kwenye hesabu yake, kwa upole, na nikaelewa kwamba hakuwa na ubaya nasi. Kwenye karatasi zake mtaa wetu ulikuwa tambarare.

Uamuzi ulikuwa randi 1,220,000. Si tulichoomba. Chumba cha uani kilihesabiwa, na kilistahili kuhesabiwa. Kwa kuwa tuliendelea kulipa bili kamili muda wote, tofauti tangu 1 Julai 2023 ilihesabiwa upya na kurudi kwenye akaunti yetu.

Msomaji uliyenunua nyumba ugenini, au unayeishi kwa ndugu aliyenunua, haya ndiyo niliyojifunza. Barua ya uthamini ikija, usiifurahie wala usiikasirikie kabla hujaangalia tarehe ya mwisho ya pingamizi. Endelea kulipa; pingamizi wala rufaa haisimamishi bili, na deni likikua litakusumbua kuliko thamani. Tafuta mauzo yaliyoandikishwa karibu na tarehe ya uthamini, ya nyumba zinazofanana na yako kweli. Ukikataliwa, unaweza kuomba sababu kwa maandishi ndani ya siku 30, kwa ada. Weka nakala ya kila karatasi. Na kila mwaka, hasa baada ya mvua, piga picha za nyumba yako jinsi ilivyo, hata pale pasipopendeza.

Mume wangu alimpigia tena mama yake. Nilidhani ataficha. Lakini alimweleza yote: kwamba nyumba imeshushwa thamani na kwamba sisi ndio tuliomba ishushwe. Kisha akamtumia ile picha ya sherehe, nzima.

Mama mkwe alikaa kimya kidogo. "Kumbe mna ukuta mbovu hivyo," akasema, "na mimi nilikuwa nawaomba mnitengenezee paa." Tangu siku hiyo, tukizungumza kwenye simu, huuliza kwanza habari za watoto, kisha habari za ukuta. Tumeanza kuujenga mwezi uliopita, na pesa ya mawe ya kwanza ilitoka kwenye ile tofauti tuliyorudishiwa.