Wimbo wa Kuazima

Kaka zangu wanne walikuwa na bendi yao kijijini. Gitaa walilichonga wenyewe. Ngoma yao ilikuwa debe. Mimi nilizijua nyimbo zao zote, lakini sikuruhusiwa kuimba nao. Kisa? Mimi ni msichana. Basi nilikuwa nikiimba peke yangu kisimani.

Sasa mimi ni bibi. Siku moja redio ilieleza habari za Gloria Gaynor. Nikaweka ungo chini, nikasikiliza. Mama huyu alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Newark, Marekani. Kwao hawakuwa na mali. Kaka zake walikuwa na kikundi cha nyimbo za dini. Yeye hawakumtia, kwa sababu ni msichana. Kama mimi!

Mwaka 1965 alitoa santuri yake ya kwanza. Mwimbaji Johnny Nash alimsaidia kuitoa, akampa na jina hilo la Gaynor. Jina la kwao ni Fowles. Santuri hiyo haikumfikisha mbali. Akaendelea kuimba katika vilabu vya usiku. Miaka tisa, jamani! Wengine tungerudi shambani.

Wimbo uliomtoa, mwaka 1974, haukuwa wake. Unaitwa "Never Can Say Goodbye". Ni habari ya mtu anayeshindwa kumuaga mpenzi wake. Ulitungwa na Clifton Davis. Mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kuimbwa na Jackson 5, na aliyeongoza ni Michael, mtoto wa miaka 12. Wao waliuimba polepole. Gaynor aliukimbiza. Ngoma inapiga sawasawa, tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga. Maneno ni yale yale ya huzuni, lakini miguu haikubali kutulia.

Siku zile watu wa mijini kule walicheza disko, yaani walicheza kwa santuri bila bendi. Santuri ndogo huisha upesi. Kwa hiyo katika santuri kubwa ya Gaynor ya mwaka 1975, fundi Tom Moulton aliunganisha nyimbo tatu bila kukatika. Upande mzima, karibu dakika 19! Wimbo ule ulifika nafasi ya 9 Marekani, na ya 2 Uingereza. "I Will Survive", ambao wengi wanaujua, ulikuja baadaye, mwaka 1978.

Nilipozima redio nilikumbuka harusi moja ya zamani. Mwimbaji wa kaka zangu alikauka sauti, nami nikaitwa. Niliimba wimbo wao, lakini kwa mwendo wangu, wa haraka. Kaka mkubwa alinikodolea macho kwa hasira. Niliogopa, ila sikupunguza mwendo. Kidogo kidogo gitaa lake likaanza kunifuata.