Korongo la Isimila na Biharusi Aliyeolewa Mbali



Singo, hina na mapambo ya ukumbi tumeshayaandika sana. Leo tunataka kuzungumza juu ya siku zinazokuja baadae, pale shangwe zimekwisha, jamaa wamerudi makwao, na biharusi amebaki na nyumba yake mbali na kwao.

Mdogo wetu aliolewa Rujewa, wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Ule mchele wa Mbeya tunaoupenda kwa harufu yake, mwingi hulimwa huko kwenye bonde la Usangu. Waislamu si wageni katika nchi ile. Wabaluchi walihamia Usangu tangu enzi za ukoloni, na ni miongoni mwa walioanzisha kilimo cha mpunga wa kumwagilia. Shemeji yetu naye ni mtu wa mashamba, mstaarabu, mwenye kuswali. Hatukuwa na la kumlaumu.

Lakini miezi mitatu baada ya harusi, mama alituita akatwambia: "Mwenzenu kila nikimpigia ananambia alhamdulillah, lakini sauti yake haisemi hivyo. Nendeni mkamtizame."

Tulikwenda mwezi wa Juni, sisi ndugu wawili wa kike, pamoja na kaka yetu na mkewe, wifi yetu aliyekulia Maskati. Mdogo wetu alitupokea kwa furaha, akapika, akacheka. Kila tukimuuliza habari zake, alijibu kwa kutuongezea chai. Siku ya tatu shemeji akasema anatupeleka Isimila tukatembee.

Isimila ipo kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini, pembeni ya barabara ya Mbeya. Tuliswali kwanza adhuhuri na alasiri mjini Iringa, kwa kupunguza na kukusanya kama wasafiri. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliokota pale zana za mawe, na wataalamu wakaja kuchimba mwaka 1957 na 1958. Zana hizo zina umri wa zaidi ya miaka 200,000, na zilipatikana pia na mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Maana yake pale pakavu palikuwa na maji. Na ni maji hayo hayo ya mvua yaliyokata udongo mpaka zikabaki nguzo ndefu zimesimama ndani ya korongo, kila moja kama mnara. Subhanallah.

Mpaka kuzifikia nguzo unashuka njia yenye changarawe na ngazi za udongo zilizolika. Hapo hapahitaji kamba. Wifi yetu anazijua kamba, kwani kwao Oman, kwenye Wadi Bani Awf, lipo bonde jembamba liitwalo Snake Canyon ambako watu hushuka kwa kamba na kuogelea kwenye madimbwi. Alitufundisha hivi: mahali pakali, geuka uso utizame jabali na ushuke kinyumenyume. Mikono miwili na miguu miwili, usiachie viwili kwa pamoja. Usijilaze kwenye ukuta kwa khofu, maana mguu utateleza. Simama uzito ukae miguuni. Kwenye kamba, alisema, hatua ngumu ni ile ya kwanza tu, pale unapoegemea nyuma na kuiamini kamba.

Kuhusu nguo, stara haikutuzuia kitu. Tulivaa suruali pana, gauni la kufika magotini, mtandio uliofungwa vizuri bila pini, na viatu vya kufunga kamba. Baibui refu lenye pindo pana tuliliacha garini, maana ukilikanyaga unaanguka. Na kabla ya kushuka korongo lolote, tizameni mawingu, hata yaliyo mbali. Kule Hell's Gate, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba mwaka 2012, na watu saba tena mwaka 2019. Kufunga ngamia ndio mwanzo wa kutawakali.

Tulipofika kwenye mteremko mkali, mdogo wetu alisimama. Kaka na shemeji walikuwa wametangulia mbele. Wifi akampa mkono. Hakuushika. Akakaa kitako juu ya changarawe akaanza kulia, na sote tukajua kuwa halii kwa ajili ya mteremko.

Alituambia kila kitu. Mume hutoka alfajiri wakati huu wa mavuno na kurudi usiku. Hajui mtu. Hasikii bahari wala adhana ya msikiti wa mtaani kwao. Tukamuuliza, "Mumeo anajua?" Akasema hapana, somo wake alimfundisha kustahamili na kutunza siri za nyumba.

Wifi yetu ndiye aliyemjibu. "Siri za nyumba unawaficha majirani. Mume ndiye mwenye nyumba, utamfichaje yaliyomo ndani?"

Tulikaa pale kitambo tukimkumbuka Bi Hajara, aliyeachwa kwenye bonde kavu na mtoto mchanga. Imani yake kwa Mola wake ilikuwa kamili, na bado alipanda Safa, akashuka, akapanda Marwa, mara saba, akitafuta maji. Leo wanaume na wanawake wote wanaohiji hufuata nyayo zake. Subira yake ilikuwa na miguu. Hakukaa chini kungoja huku akisema hana neno.

Basi mdogo wetu akainuka, akashika mkono, akageuka kinyumenyume, akashuka.

Usiku ule alizungumza na mumewe. Sisi hatukuwepo na hatukuuliza maneno. Tunalojua ni kwamba asubuhi shemeji alituaga akisema hakujua, na kwamba alidhani ukimya wake ni haya ya biharusi mgeni. Wamekubaliana arudi nyumbani kula mchana, na baada ya mavuno aje Unguja wiki mbili kumuona mama. Mke wa jirani amempeleka darsa la wanawake. Upweke haujaondoka wote, lakini sasa anasema anapoumwa.

Biharusi unaejiandaa kuolewa mbali, muulize mchumba wako kabla ya nikaha: atakuwa nyumbani saa ngapi, na utakwenda kwenu lini? Nanyi akina somo, mnapowafundisha kustahamili, wafundisheni na kusema. Na mama ukisikia alhamdulillah yenye sauti nzito, usiridhike na simu. Tuma mtu.

Mwenyezi Mungu azitie sakina nyumba zetu, za karibu na za mbali. Amin.